Baada ya Bendi Kuvunjika: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwenye Albamu ya Kwanza

Tarehe 30 Novemba 2019, katika ukumbi wa Forum, Inglewood, California, Slayer walipiga onyesho la mwisho la ziara yao ya kuaga. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, mpiga gita Kerry King alifungua minyororo aliyozoea kuivaa kiunoni, akaiangusha jukwaani, akatoka. Bendi hiyo aliianzisha mwaka 1981 pamoja na Jeff Hanneman, wote wawili vijana. Hanneman alifariki tarehe 2 Mei 2013. Mwimbaji Tom Araya alikuwa anarudi nyumbani kwake. King hakuwa tayari kuacha, na hilo amelisema waziwazi mara nyingi.

Tarehe 17 Mei 2024 akatoa From Hell I Rise, nyimbo 13, albamu ya kwanza yenye jina lake. Alikuwa na umri wa miaka 59.

Ninakuandikia wewe ambaye bendi yako imevunjika, gita liko begani, rifu tano au sita zinakusumbua usiku na hujui uanzie wapi. Nimepiga besi kwenye bendi ya metali jijini Nairobi, bendi ikavunjika, na tulichofanya baadaye tulikifanya vibaya. Kwa hiyo sitakubembeleza. Thrashi, muziki wa Slayer, ni muziki wa nidhamu kuliko wengi wanavyodhani. Ulizaliwa California mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana walipochukua uzito wa metali ya Uingereza na kuufungia kasi ya panki. Anayeusikia kwa mbali husikia kelele. Anayeupiga anajua kwamba mkono wa kulia ukichelewa hata kidogo, wimbo mzima unalegea.

Andikeni nani ametunga nini, kabla hamjaachana

Hili ndilo la kwanza, nami nitakaa hapa muda mrefu, kwa sababu bendi nyingi huliruka.

Tarehe 11 Aprili 1983 Dave Mustaine alifukuzwa Metallica akiwa New York, wiki chache kabla ya kurekodi albamu yao ya kwanza. Sababu ilikuwa ulevi na ugomvi. Alipandishwa basi la kurudi California, safari ya siku nne barabarani. Kill 'Em All ilipotoka Julai mwaka ule, nyimbo nne zilikuwa na jina lake katika orodha ya watunzi. Mojawapo, The Four Horsemen, ilitokana na wimbo aliouita Mechanix. Mwaka 1985 Mustaine akairudia Mechanix kwenye albamu ya kwanza ya bendi yake mpya, Megadeth, kwa kasi kubwa zaidi na maneno yake ya awali. Bendi mbili, rifu zilezile, albamu mbili tofauti. Jina lake lilikuwa limeandikwa pale, wazi kwa kila mtu.

Sisi hatukuandika chochote. Tulikuwa marafiki, na marafiki hawaandikiani. Tulipoachana, wimbo ambao watu waliuimba kwenye kila onyesho ukawa hauna mwenyewe: mpiga gita alidai rifu ni yake, mimi nilidai mpangilio ni wangu, na mpiga drams alisema bila mdundo wake wimbo ule ungekuwa zoezi la gita tu. Wote tulisema kweli. Mpaka leo haujarekodiwa na yeyote.

Chukueni karatasi moja. Andikeni jina la wimbo, nani ametunga rifu gani, nani ameandika maneno, na kila mmoja anastahili asilimia ngapi. Tieni sahihi wote, kila mtu abaki na nakala. Andikeni pia vyombo: amplifaya ni ya nani, pedali ni za nani, nani analipa deni la chumba cha mazoezi. Fanyeni hivyo wiki ileile mnayoachana, mkiwa bado mnasalimiana.

Usile pesa za studio

Megadeth walipewa na lebo yao, Combat, dola 8,000 za kurekodi Killing Is My Business... and Business Is Good!. Sehemu kubwa iliishia kwenye dawa za kulevya, pombe na chakula. Prodyuza ikabidi aachwe kwa sababu hapakuwa na pesa ya kumlipa, na bendi ikamalizia kazi kwa mikono yake. Sikiliza toleo la 1985: gita ziko mbali, drams zinagonga kama makopo, sauti ya Mustaine imezama. Nyimbo zilikuwa kali, rekodi ikawa dhaifu. Ilibidi zirudiwe kuchanganywa upya mwaka 2002, na mara nyingine tena mwaka 2018, ili watu wasikie kilichochezwa siku ile.

Wapo wanaosimulia kisa hiki kwa fahari, eti ndivyo metali inavyotakiwa kuwa. Mimi sioni fahari yoyote. Gar Samuelson, aliyepiga drams kwenye rekodi ile, na mpiga gita Chris Poland walikuja kutoka kwenye jazi. Mikono yao ilikuwa na ufundi ambao bendi nyingi za thrashi za wakati ule hazikuwa nao, na uraibu uliwatoa wote wawili kwenye bendi kabla ya albamu ya tatu. Pesa ya studio ikiingia, lipa studio kwanza. Lipa saa zote mlizokubaliana. Kinachobaki, kama kipo, ndicho cha nauli na chakula.

Mchoro wa jalada usitoke mkononi bila nakala

Albamu hiyohiyo. Mustaine alichora fuvu alilotaka liwe sura ya bendi. Mchoro ulipotea, na lebo ikapiga picha ya fuvu la plastiki la bei rahisi badala yake. Jalada lililokaribia wazo lake lilitoka mwaka 2002, miaka 17 baadaye.

Usiguse wimbo wa mtu kama hukumwomba

Kwenye albamu hiyo pia, Mustaine aliuchukua wimbo wa Lee Hazlewood uliopata umaarufu kwa sauti ya Nancy Sinatra mwaka 1966, akabadilisha maneno. Miaka ilipita, mtunzi akalalamika. Wimbo ukaondolewa kwenye matoleo yaliyofuata, na uliporudishwa ulirudi na maneno yaliyozibwa. Kama unataka kurekodi wimbo wa watu, omba ruhusa na uupige walivyouandika wenyewe. Albamu ya kwanza ina nafasi chache. Kwa nini umpe nafasi mtu mwingine?

Hasira isiandike maneno yote

Kila bendi inayovunjika inaacha mtu mwenye maneno. Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini msikilizaji hakuwepo kwenye ugomvi wenu. Hajui nani alichelewa mazoezini wala nani alificha pesa za onyesho. Ukimpa albamu nzima ya nyimbo kumi kuhusu mtu mmoja asiyemjua, atasikia nyimbo mbili na kuzima.

Hasira ipe kazi kwenye mkono wa kulia. Ipe kasi, ipe uzito wa pigo, ipe jinsi unavyoziba nyuzi kwa ukingo wa kiganja ili zitoe mlio mfupi uliokauka. Ndiyo kazi Mustaine aliyoipa. Alitoka kwenye lile basi akiwa na nia ya kuwa na kasi na uzito kuliko waliomfukuza, na Megadeth ya mwanzo ilijengwa juu ya nia hiyo. Lakini hesabu nyimbo nane za albamu ile: wimbo uliotoka moja kwa moja kwenye nyumba ya zamani ni mmoja, nao umewekwa mwisho. Saba za mwanzo zinatazama mbele. Wimbo mmoja wa kisasi unatosha. Wa pili ukikujia, uandike, uufungie kabatini.

Tafuta mpiga drams kabla ya mtu mwingine yeyote

King alimchukua Paul Bostaph, aliyekuwa nyuma ya drams za Slayer siku ya mwisho pale Inglewood, na ambaye kabla ya Slayer alipigia Forbidden. Baada ya hapo ndipo wakaja wengine: Phil Demmel kwenye gita la pili, Kyle Sanders kwenye besi, Mark Osegueda kwenye maikrofoni.

Mpangilio huo una maana. Katika thrashi gita na drams ni kiungo kimoja. Mpiga gita anayepiga nyuzi kwa kushuka tu, pigo baada ya pigo, anahitaji mtu ambaye miguu yake kwenye pedali mbili inaanguka mahali palepale. Ukianza na mwimbaji mwenye sura nzuri halafu ukamtafutia mpiga drams wa kuazima, utapata albamu inayoyumba, na hakuna mashine itakayoinyoosha bila kuiua. Chukua mtu mmoja kutoka nyumba ya zamani, yule mnayesikilizana bila kutazamana. Mmoja anatosha. Ukiwachukua watatu, umefufua bendi ileile kwa jina jingine, pamoja na magomvi yake.

Kuhusu Demmel kuna jambo ninalolipenda. Desemba 2018, katikati ya ziara ya Ulaya, Slayer walibaki bila mpiga gita wao wa pili kwa maonyesho manne ya mwisho. Demmel alikuwa ametoka tu Machine Head. Akaruka, akajifunza nyimbo kwa haraka, akapiga. King alikuwa amemwona kazini kabla ya kumwita. Wewe je, unamwita mtu kwa sababu umemwona akifanya kazi chini ya shinikizo, au kwa sababu mnakunywa pamoja?

Usiimbe kwa sababu tu albamu ni yako

Jina la King liko kwenye jalada, lakini maikrofoni ameshika mwingine. Maneno mengi ni yake, nyimbo ni zake, na bado alijua koo lake si chombo chake. Osegueda ana miaka mingi ya kupaza sauti juu ya gita. King ana gita.

Mustaine alifanya kinyume. Alitafuta mwimbaji kwa miezi, akakosa, akaimba mwenyewe. Sauti yake haikuwa nzuri, na sitajifanya ilikuwa. Ila ilikuwa na ukali unaolingana na rifu zake, na miaka ikaifunza. Kama huna mwimbaji na muda umekwisha, imba. Kama yupo mtu anayeweza kuimba kuliko wewe na hutaki kumpa nafasi kwa sababu ya cheo, basi unaitendea albamu yako dhuluma.

Jina: uliza kwanza

Max Cavalera aliondoka Sepultura baada ya onyesho la London Desemba 1996. Kaka na mdogo mtu, Max na Igor, hawakusemezana kwa takriban miaka kumi. Waliporudiana waliipa bendi yao mpya jina Inflikted. Sababu za kisheria zikawalazimu kulibadilisha. Wakawa Cavalera Conspiracy, na jina la kwanza likabaki kuwa jina la albamu, iliyotoka Machi 2008. Testament nao walianza kama Legacy mpaka wakagundua kuna kundi jingine lenye jina hilo. Albamu yao ya kwanza ya 1987 ikaitwa The Legacy.

Tafuta jina, ulichunguze, halafu ndipo uchore nembo. Na usichukue jina linalofanana na la bendi ya zamani kwa herufi moja. Hiyo ni hila, na mashabiki wanaiona kabla hata hawajasikia wimbo.

Usiukimbie mkono wako, wala usijirudie kama mwigizaji

Hapa ndipo nilipogombana na marafiki wengi, na sibadilishi msimamo.

From Hell I Rise ilipotoka, wapo walioilaumu kwamba inasikika kama Slayer. Ndiyo. Ilitakiwa isikike kama nini? Mtu aliyetunga rifu za bendi kwa karibu miaka 40 akianza kupiga kitu kingine akiwa na miaka 59 ili waandishi wamsifu kwa kubadilika, huyo anadanganya. King aliingia studio Los Angeles na prodyuza Josh Wilbur, akapiga kile mkono wake unachojua. Sikiliza Idle Hands, singo ya kwanza: rifu inaanza bila kubisha hodi, drams zinaikamata, na Osegueda anaingia akiwa na pumzi kamili. Haiombi radhi kwa yeyote. Sikiliza Toxic pia, uone jinsi inavyopunguza kasi bila kupunguza uzito.

Robb Flynn alichukua njia nyingine nayo ilikuwa halali. Alitoka Vio-lence, bendi ya thrashi ya eneo la San Francisco iliyokimbia kama moto wa nyika, akaanzisha Machine Head kule Oakland. Burn My Eyes, ya Agosti 1994, ilirekodiwa na Colin Richardson studio za Fantasy, Berkeley. Nyuzi zilishushwa chini kuliko zilivyozoeleka, mwendo ukawa mzito, na mdundo ukaachiwa nafasi ya kupumua. Thrashi bado imo, chini ya sakafu. Flynn alikuwa na miaka isiyozidi 30 na kitu kipya kilikuwa kinamsukuma kwa dhati. Alibadilika kwa sababu alikuwa anabadilika.

Swali la kujiuliza si kama unafanana na zamani. Jiulize: rifu hii ningeitunga hata kama hakuna mtu angenilinganisha na yeyote? Kama jibu ni ndiyo, irekodi, ifanane na itakachofanana nacho. Kama jibu ni hapana, umeitunga kwa ajili ya wakosoaji, ifute.

Kata

Reign in Blood ya Slayer, ya Oktoba 1986, ina nyimbo 10 na haifiki nusu saa. Hakuna albamu ya thrashi iliyofundisha watu wengi zaidi. Kila wimbo unaingia, unafanya kazi yake, unatoka.

Nampenda King na bado nasema nyimbo 13 ni nyingi. Ningeacha mbili au tatu za katikati zingoje albamu ya pili. Wewe huna jina lake. Huna haki ya hata 13. Rekodi 12, toa nane. Nne zilizobaki zisikilize tena baada ya mwezi.

Studioni

Drams zirekodiwe na mtu anayepiga, wimbo mzima, si vipande vya sekunde nne vilivyoshonwa. Tumia metronomu mazoezini mpaka uichukie, ili siku ya kurekodi uwe unaihitaji kidogo. Gita la ridhimu lipigwe mara mbili, kushoto na kulia, kila upande kwa mkono halisi. Usinakili upande mmoja na kuusogeza. Masikio yanatambua.

Usichanganye sauti siku ileile uliyomaliza kurekodi. Usimruhusu mpiga solo akae karibu na vitufe vya kuongeza sauti. Besi isizamishwe, na hili ninalisema nikiwa mpiga besi aliyezamishwa.

Usibebe ugomvi mpaka magazetini

Pantera hawakuwa thrashi tupu, lakini walitoka kwenye damu hiyo. Bendi ilivunjika rasmi mwaka 2003. Ndugu wawili wa Texas, mpiga gita Darrell Abbott aliyejulikana kama Dimebag na kaka yake mpiga drams Vinnie Paul, wakaunda Damageplan, na New Found Power ikatoka Februari 2004. Mwaka wote ule pande mbili za Pantera zilirushiana maneno kwenye magazeti. Tarehe 8 Desemba 2004, katika klabu ya Alrosa Villa mjini Columbus, Ohio, mtu mwenye bunduki alipanda jukwaani akamuua Darrell mbele ya mashabiki wake. Watu wengine watatu waliuawa kabla polisi hajampiga risasi muuaji.

Simtupii lawama yeyote kwa alichofanya mtu yule. Ilikuwa kazi yake peke yake. Ninalolisema ni hili: maneno yale ya magazetini yakawa ya mwisho kati yao. Hapakuwa na siku ya kuyarudisha. Ukihojiwa kuhusu bendi ya zamani, sema ilipiga muziki mzuri, sema imekwisha, kisha zungumzia wimbo mpya. Mwandishi akisisitiza, nyamaza. Simu ikikusukuma kuandika usiku wa manane, iweke chumba kingine.

Anza na chumba kidogo

Onyesho la kwanza la King na bendi yake mpya, Mei 2024, lilikuwa kwenye klabu ndogo ya Chicago, na halikuwa uwanjani. Mtu aliyejaza Forum alianza tena mahali ambapo jasho la mashabiki linamfikia. Fanya vivyo hivyo. Chumba cha watu 80 kikijaa kinakufunza zaidi ya ukumbi wa 800 ulio nusu tupu.

Nyimbo za zamani piga chache, ulizozitunga wewe tu, na zije mwishoni. King aliziweka za Slayer kwenye orodha yake, nazo zilikuja na haki kwa sababu mkono wake ulikuwemo kwenye utunzi. Na wewe msikilizaji uliyelipa kiingilio, usipige kelele ukiomba nyimbo za bendi ya zamani wakati wimbo mpya unapigwa. Mtu amesimama mbele yako na kitu alichokitengeneza baada ya kupoteza kila kitu. Sikiliza.

Kwa walio Nairobi, Kampala na Dar

Usiseme vyombo ni ghali, kumbi hazitutaki, hakuna prodyuza anayejua metali. Vyote ni kweli, navyo visikuzuie. Martin Khanja na Sam Karugu walitoka kwenye bendi za metali za Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Mwaka 2019 wakaunda Duma. Jina hilo Kiswahili chetu kinalisikia kama mnyama mwenye mbio; wao walilichukua kutoka Kikuyu, ambako linamaanisha giza. Walirekodi Kampala, na lebo ya Nyege Nyege Tapes ikatoa albamu yao ya kwanza, Duma, mwaka 2020. Badala ya mpiga drams wakaweka midundo ya mashine iendayo kasi ambayo mguu wa binadamu hauwezi. Si thrashi, ni kitu kikali zaidi, chenye kelele za kielektroniki na mayowe. Lakini walichukua mabaki ya bendi mbili na vifaa walivyoweza kuvipata, wakatengeneza rekodi iliyosikilizwa Ulaya na Marekani. Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, akatoa albamu yake mwenyewe, The Adept.

Nimewasikia vijana wakisema watarekodi wakipata gita halisi la kutoka Marekani. Rekodi na ulilo nalo. Badilisha nyuzi kwanza.

Usiape kwamba hutarudi

Slayer waliaga mwaka 2019. Februari 2024, wiki mbili hivi baada ya King kutoa singo yake, ilitangazwa kwamba Slayer watapiga tena kwenye matamasha ya Marekani mwaka huohuo. Mashabiki waliochanga pesa za ziara ya kuaga walikasirika, na wana haki. Kama hujui, usiite ziara ya kuaga. Sema tunapumzika.

Lakini mlango wenyewe usiufunge. Mwaka 1990 basi la Death Angel lilipata ajali jangwani Arizona, na mpiga drams Andy Galeon akaumia vibaya, akahitaji zaidi ya mwaka kupona. Mwimbaji akaondoka. Waliobaki wakamngoja Galeon, wakaunda The Organization, wakatoa albamu ya kwanza mwaka 1993 yenye muziki ulio mbali na thrashi, wakatoa ya pili, nayo ikaisha. Ilionekana basi. Agosti 2001 wanamuziki wa San Francisco waliandaa onyesho la kuchangia matibabu ya Chuck Billy wa Testament, aliyekuwa na saratani, na Chuck Schuldiner wa Death. Death Angel wakakubali kurudi kwa usiku ule mmoja, kwa ajili ya wagonjwa. Chuck Billy alipona. Death Angel hawajaacha tangu hapo.

Na yule mwimbaji aliyeondoka baada ya ajali ni Mark Osegueda, sauti iliyoko kwenye albamu ya King. Namba za simu za wenzako wa zamani usizifute.